Trekta linasema "tak!" tu? Weka chini hiyo bisibisi!

Viatu vyangu vimejaa udongo, kwani wiki hii sikuzungukia kumbi za muziki kama kawaida yangu. Nilikuwa huku kwetu Mara, leo Tarime, kesho Mugumu, na mada niliyorudi nayo si ya mapenzi wala ya mitindo ya nguo. Ni ya trekta bovu.

Hapana, usifungue ukurasa mwingine! Najua wewe ni mtoto wa mjini na jembe unalijua kwenye picha tu. Lakini nikuulize, ni vijana wangapi unaowafahamu ambao wamechanga vijisenti vyao, wakanunua trekta kuukuu na kulipeleka kijijini likalime kwa kukodishwa? Vijiweni kila mmoja anapiga hesabu ya ekari mara bei, anauona utajiri huo unakuja. Hesabu ambayo hakuna anayeipiga ni ya asubuhi ile mvua imenyesha, udongo umelainika, wateja wamepanga foleni, dereva kakalia kiti, kazungusha ufunguo, na trekta likajibu "tak!" Basi. Likanyamaza kama bwana aliyeulizwa na mkewe jana alilala wapi.

Huku kwetu kimya hicho kina aibu ya ziada, kwa sababu jirani yako ana maksai. Wakurya na ng'ombe ni chanda na pete, na jembe la kukokotwa limelima mashamba ya huku miaka nenda rudi. Maksai akiamka asubuhi, ameamka. Hana ufunguo, hana waya, hana betri. Hata serikali iliwahi kuonja joto hili, kwani miaka ya mwanzo ya uhuru ilianzisha makazi mapya vijijini na kuyapa mashine za gharama, lakini mpango huo ukaachwa mwaka 1966 baada ya kuonekana kuwa gharama inaila faida. Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama humu humu Mara, akaja kuhimiza zaidi majembe ya kukokotwa na ng'ombe. Kwa hiyo ukija na trekta lako halafu likagoma, wazee hawakuonei huruma. Wanakuonea kicheko.

Sasa sikiliza kisa cha binamu yangu mmoja, jina lake naliweka kapuni kwa sababu bado hajaoa. Posa imekubaliwa, mahari imetajwa, na kama unavyojua kwetu mahari si bahasha, ni ng'ombe. Kijana alikuwa amekusanya ng'ombe wanane kwa jasho lake, kisha akapata wazo. Akaenda kwa baba mkwe mtarajiwa, akapiga magoti ya heshima, akasema: "Shikamoo baba. Naomba msimu mmoja tu. Hawa ng'ombe niwageuze trekta, trekta linizalie ng'ombe wengi zaidi, na shamba lako nitalilima la kwanza, bure."

Mzee akakubali kwa shingo upande. "Sawa mura," akamwambia. "Lakini mvua ikinyesha na shamba langu likabaki na majani, nitajua umenikopa binti."

Trekta lenyewe ni Massey Ferguson 135, yale madogo yenye injini ya dizeli ya Perkins ya silinda tatu, nguvu za farasi hazifiki 50. Yalianza kuundwa Uingereza mwaka 1964, kwa hiyo mengi yana umri wa kuitwa babu. Siku ya kulinunua, binamu alilikuta tayari linanguruma, limeegeshwa kwenye mteremko, na limepakwa rangi nyekundu mpya inayong'aa kama kucha za bibi harusi. Shika kichwani mambo hayo mawili, mteremko na rangi. Tutayarudia.

Mwanzoni halikusumbua sana, maana Tarime milima haikosekani. Jioni wanaliegesha juu, asubuhi wanaliachia lishuke, linashika moto, maisha yanaendelea. Kasheshe ilianza walipolipeleka kwa baba mkwe, upande wa Serengeti, kwenye shamba tambarare kama meza ya pool. Asubuhi ya kwanza ufunguo ukazungushwa. Tak!

Akaja fundi wa kwanza, akaangalia dakika mbili, akasema betri imekufa. Ikanunuliwa betri mpya. Tak! Akaja fundi wa pili, akaifungua stata, akaiweka chini, akaiunganisha na betri kwa nyaya nene. Stata ikazunguka kama feni. Ungedhani atasema stata ni nzima, lakini wapi! Akasema "imechoka ndani", akabadilisha kaboni, akachukua chake na kuingia mitini. Stata ikarudishwa mahali pake. Tak! Wa tatu akapigiwa simu, naye bila kuliona trekta akataka ngawira ya kubadilisha nyaya zote, swichi na dainamo. Siku kumi na moja zikapita. Mzee akafunga maksai wake, akaanza kulima mwenyewe pembeni ya trekta, huku akiwaambia wapita njia kwa sauti ya kusikika: "Hawa wangu hawana betri!"

Siku niliyofika mimi, binamu alikuwa amechanganyikiwa. Kijana mmoja alikuwa amemfundisha njia ya mkato, na nikamkuta amesimama chini, mbele ya lile gurudumu kubwa la nyuma, ameshika bisibisi ndefu, anaunganisha vichwa viwili vya stata ili kuiamsha kwa shoti. Cheche zikaruka, stata ikasema tak, trekta halikusogea. Nikapanda kitini kuangalia. Msomaji wangu, trekta lilikuwa ndani ya gia!

Naomba hapa uache utani kidogo. Ufunguo wa trekta uko pale juu, kwenye kiti, kwa sababu. Na matrekta mengi ya namna hii yana swichi ya usalama inayozuia stata kufanya kazi kama gia haijawekwa huru. Ukipiga shoti kwa bisibisi unairuka hiyo swichi. Stata ina nguvu ya kuusukuma mtambo mzima ukiwa ndani ya gia, na injini ya dizeli ikishika moto haisubiri wewe utoke njiani. Wewe umesimama wapi? Mbele ya gurudumu. Watu wamekufa hivyo katika nchi nyingi, wakiwemo wakulima wazoefu waliofanya hivyo mara mia bila kudhurika. Binamu yangu siku ile aliokolewa na ule ubovu wenyewe. Kama umeme ungefika vizuri, leo ningekuwa naandika tanzia.

Ndipo akaitwa mzee mmoja wa jirani aliyewahi kuendesha matrekta enzi za ujana wake. Alikuja na mfuko wa rambo, ndani yake pliza, kipande cha msasa, balbu ndogo iliyounganishwa nyaya mbili, na jozi ya nyaya nene za kubusti. Tukamwamkia, akaitika, kisha akamwangalia binamu na ile bisibisi yake.

"Mura, unataka kulima au unataka kulimwa?"

Bisibisi ikawekwa chini. Babu hakugusa kitu. Alianza kwa kuuliza: lilianza lini kugoma? Tangu linunuliwe. Kwenye mteremko linawaka? Linawaka vizuri. Basi, akasema, dizeli inafika na injini ni nzima, tunachotafuta ni umeme wa kuizungusha tu. Akaagiza taa za mbele ziwashwe. Zikawaka vizuri. Akaagiza ufunguo uzungushwe. Tak, na taa zikafifia mpaka zikakaribia kuzimika. Akatabasamu.

Kisha akatutega swali: "Stata mkiiweka chini inazunguka. Mkiirudisha kwenye trekta haizunguki. Nyinyi mliosoma, tofauti ni nini?"

Mimi na kidato changu cha nne nikakuna kichwa. Binamu akaangalia mbingu. Jibu ni rahisi ukishaambiwa. Umeme ni kama daladala, lazima uende na lazima urudi. Stata ilipokuwa chini, umeme ulirudi kwenye betri kupitia waya mnene aliokuwa ameushika fundi. Ikiwa kwenye trekta, umeme hurudi kupitia chuma cha injini, kisha bodi, kisha ule mkanda wa ethi unaounganisha bodi na upande hasi wa betri. Kama kwenda ni kuzuri, basi ubaya uko kwenye kurudi.

Babu akahakikisha gia iko huru na breki imefungwa. Akachukua waya mmoja wa kubusti, upande mmoja akaubana kwenye kichwa hasi cha betri, upande wa pili kwenye chuma kitupu cha injini, mbali na betri. Akampandisha binamu kitini. "Haya, zungusha."

Nga-nga-nga-nga, moshi mweusi, grrrrr! Trekta likaamka. Maksai wa mzee wakashtuka, nusura wang'oe nira. Binamu alirukaruka kama mchezaji wa Taifa Stars aliyefunga dakika ya tisini.

Injini ilipozimwa ukafunguliwa ule mkanda wa ethi. Chini yake, rangi! Rangi nyekundu nzuri, safi, imejaa katikati ya chuma na mkanda, na juu ya rangi kutu imeshaanza kujenga nyumba. Aliyelipaka trekta lile rangi alipaka kila kitu, hata mahali ambapo chuma kinatakiwa kugusana na chuma. Rangi haipitishi umeme. Trekta lilirembwa mpaka likashindwa kupumua. Kipande cha msasa cha buku moja kikafanya kazi iliyozishinda betri mpya, kaboni mpya na mafundi watatu.

Sasa utaniuliza, mbona taa zilikuwa zinawaka? Mbona fundi alipima akakuta betri ina volti 12 na zaidi? Hapo ndipo wengi tunapopigwa changa la macho, na hapo ile fizikia tuliyoikariri inaingia kazini. Taa inakula ampia chache tu, zinapenya hata kwenye njia mbovu. Stata ya injini ya dizeli inaweza kudai ampia 200 na zaidi kwa mkupuo mmoja. Chukua kipingamizi kidogo sana, omu 0.02 tu, ambacho huwezi kukiona kwa macho. Zidisha kwa ampia 200, utapata volti 4 zinazoliwa njiani. Betri ina 12, toa 4, stata inabaki na 8. Haizunguki kitu. Ukipima bila kuzungusha ufunguo hakuna ampia zinazopita, kwa hiyo hakuna volti zinazopotea, na mita itakudanganya kwamba kila kitu ni shwari. Ni sawa na barabara, ukiitazama usiku wa manane utasema haina foleni. Kaitazame saa moja asubuhi.

Kwa hiyo, wewe mwenye trekta kuukuu, au mwenye mpango wa kulinunua, kata ukurasa huu uuweke. Nilimwomba babu anieleze utaratibu wake wote, nikauandika kwenye daftari.

Kwanza, sikiliza. Trekta linapogoma huwa linasema tatizo lake. Likisema tak-tak-tak-tak haraka haraka kama cherehani, mara nyingi betri ina chaji ndogo au kuna muunganisho mbovu. Likisema tak moja nzito kisha kimya, na betri unajua ni nzima, shuku nyaya nene, ethi, solenoidi au stata yenyewe. Likizunguka kwa uvivu kama mtu aliyeamshwa alfajiri, betri imechoka, nyaya ni nyembamba au oili ni nzito kwa baridi. Stata ikilia wiiii peke yake bila injini kuzunguka, kile kigia cha stata hakishiki, ndiyo ile mafundi wanaita bendeksi. Na lisiposema lolote, hata tak, basi amri yako haifiki: fyuzi kama ipo, swichi ya ufunguo, swichi ya usalama, au ule waya mwembamba unaokwenda kwenye solenoidi.

Pili, washa taa kisha zungusha ufunguo. Taa zikizimika au zikififia sana, umeme ni mdogo au njia imeziba: tazama betri, vichwa vyake, nyaya nene na ethi. Taa zikibaki zinang'aa na bado hakuna kitu, umeme upo lakini hauitwi kazini: tazama swichi, solenoidi na stata. Jaribio hili halina gharama hata senti, na linakuepusha kununua betri usiyoihitaji.

Tatu, betri. Betri nzima iliyojaa, ikiwa imepumzika, husoma kama volti 12.6. Ikisoma 12 kamili, hiyo iko hoi, ichajiwe kwanza kabla hujaihukumu. Mwenzako azungushe ufunguo huku wewe unapima, na ikishuka chini ya volti 9.6 au hapo karibu, betri haina nguvu, hata kama ni ya juzi. Funua vifuniko uangalie maji, yawe yamezifunika zile sahani za ndani. Yakipungua ongeza maji ya betri yaliyosafishwa, si ya kisima na wala si asidi. Kama vichwa vimeota ule unga mweupe au wa kijani, osha kwa maji ya moto yenye magadi kidogo, vifuniko vikiwa vimefungwa barabara, halafu sugua kwa msasa mpaka ving'ae, kaza, ndipo upake grisi juu. Ukifungua nyaya, ondoa kwanza ule wa ethi, na ukifunga, ethi iwe ya mwisho. Ukianza na ule mwingine, spana yako ikigusa bodi utaona fataki bila sikukuu.

Nne, nyaya nene na ethi. Njia ya babu ya waya wa kubusti umeiona. Kama una mita, weka mshale mmoja kwenye kichwa hasi cha betri na mwingine kwenye chuma kitupu cha injini, mwenzako azungushe ufunguo. Ikisoma zaidi ya nusu volti, umeme unapotea hapo. Fanya vivyo hivyo upande wa chanya, kutoka kwenye betri hadi kwenye stata. Na ukishazungusha mara kadhaa, gusa miunganisho kwa tahadhari, kwani ule ulio wa moto ndio mwizi wako.

Tano, gia na swichi ya usalama. Usicheke, wapo waliofungua stata kumbe gia haikuwa huru. Kwenye 135 tazama ule mkono wa kuchagua mwendo wa juu na wa chini, uweke huru. Kisha chukua ile balbu yenye nyaya mbili, mmoja ugushe kwenye chuma kitupu, mwingine kwenye ule waya mwembamba wa solenoidi, ufunguo uzungushwe. Balbu ikiwaka, amri inafika, na tatizo liko mbele ya hapo. Isipowaka, rudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kwenye ufunguo. Swichi ya usalama ikiwa mbovu, nunua nyingine. Kuiunganisha moja kwa moja ili "isisumbue" ni kurudi kule kule kwenye bisibisi.

Sita, na hapo tu ndipo uifungue stata. Ndani yake kuna kaboni zinazoisha, bushi zinazolegea na bendeksi inayokwama kwa uchafu. Ikizunguka vizuri ikiwa chini, usikimbilie kuilaumu. Jiulize kwanza swali la babu. Lakini kumbuka kuwa ikiwa chini haibebi mzigo, kwa hiyo kuzunguka peke yake si cheti cha uzima wa milele.

Saba, chaji. Betri mpya ikifa kila wiki, ujue hailishwi. Injini ikiwa inanguruma, betri inatakiwa isome karibu volti 14. Ikibaki 12 na kitu, tazama mkanda wa dainamo au altaneta umelegea, kisha nyaya zake.

Na kama injini inazunguka kwa nguvu lakini haishiki, acha kulaumu umeme wa stata. Hapo ni mambo ya dizeli, hewa kwenye mabomba au filta iliyoziba. Injini ya dizeli haina plagi za cheche kama ya petroli, inawaka kwa joto la hewa iliyobanwa, ndiyo maana asubuhi ya baridi ya Tarime inaleta maringo. Perkins nyingi za 135 zina kifaa cha kupasha moto hewa inayoingia, unashikilia ufunguo kwenye sehemu yake kama sekunde 15 hivi ndipo unazungusha. Wapo wanaopenda kupulizia spirei au kuweka kitambaa cha petroli kwenye njia ya hewa. Kifaa hicho kikiwa cha moto, unaweza kulipua injini na nyusi zako kwa pamoja.

Tena wale wa kubusti! Ukiwa Sirari au popote barabarani usikubali kila gari linalosimama. Malori mengi makubwa ni ya volti 24, trekta lako ni la 12. Tafuta gari la volti 12. Chanya kwa chanya, na ule waya hasi wa mwisho ubane kwenye chuma cha injini, mbali na betri, kwa sababu betri inayochajiwa hutoa gesi inayolipuka kwa cheche moja tu. Hakuna sigara hapo, hata kama una mawazo kiasi gani. Na kwa matrekta ya zamani zaidi uwe macho, mengine ethi yake ni upande wa chanya. Fuata waya unaokwenda kwenye bodi ujue ni upi kabla hujabana chochote.

Mwisho kwa wanaokwenda kununua. Mwambie muuzaji asiliwashe mpaka ufike. Gusa injini, iwe ya baridi. Likiwa limeegeshwa kwenye mteremko, omba lishushwe tambarare, kisha liwashwe kwa ufunguo, lizimwe, liwashwe tena. Asiyekuwa na la kuficha hatakasirika. Na rangi mpya isikutie mchecheto, kwani tumeona mabinti na mabrazameni wangapi wanaong'aa mtaani huku ndani ya mfuko kuna tiketi ya basi tu? Uliza kilichopo chini ya rangi. Wenye kutaka kukwepa kabisa mambo ya betri, zipo pawatila za kuwasha kwa hendeli, zile zilizosambaa wakati wa Kilimo Kwanza kuanzia mwaka 2009. Hazina stata ya kukudai, ingawa zina dharau zake kwa mwenye mkono mwembamba.

Binamu yangu? Shamba la mzee lilimalizika jioni ya siku ya pili, na majirani wawili wakaweka oda papo hapo. Mzee alikuja akazunguka trekta, akaligusa rangi kwa kidole, akasema: "Mura, hili limeamka. Sasa nataka kuona kama linazaa." Ng'ombe wanane bado wanadaiwa, na msimu ndiyo kwanza umeanza. Ila zile siku kumi na moja hakuna wa kuzirudisha, wala fedha ya betri na kaboni. Angesikiliza ile tak na kuzitazama taa siku ya kwanza, angekuwa na ng'ombe mmoja zaidi zizini.

Basi msomaji wangu, nafasi imekwisha. Wewe unayesoma ukiwa ofisini ukijifanya unafanya kazi, kesho gari lako likisema tak usiwe wa kwanza kupiga simu kwa fundi. Washa taa kwanza, hesabu ni ile ile. Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa, nikiwa nimeshaosha viatu.